Muhogo wa Buha, Chumvi ya Uvinza na Chai ya Lulu

Nchi ya Muyama iko katika nyanda za juu za Buha, karibu na mpaka wa Burundi. Zamani ilihesabiwa katika wilaya ya Kasulu. Tangu mwaka 2012 imo katika wilaya mpya ya Buhigwe. Wenyeji wake ni Waha, wakulima wa maharage, mahindi, ndizi na muhogo, na jirani zao wa kaskazini, hadi Kibondo, hulima mazao hayo hayo. Msomaji huenda akaona ajabu kwamba nimeichagua nchi hii ili nieleze historia ya biashara ya kinywaji kinachouzwa Taipei, London na Los Angeles, kinywaji kilichozaliwa mbali sana na milima ya Buha. Lakini sababu yangu ni nyepesi. Katika kikombe cha kinywaji hicho, chini ya chai na maziwa, zimelala punje nyeusi zenye kunata kama ulimbo, na punje hizo ni muhogo mtupu.

Wachina wa Taiwan hukiita chai ya maziwa yenye lulu. Waingereza wamekiita bubble tea. Mimi nitakiita chai ya lulu, kwa kuwa jina hilo lina maana katika lugha yetu na halihitaji mkalimani. Nia yangu si kukisifu wala kukishutumu, bali kuuliza swali moja la historia: imekuwaje mmea mmoja, uliotoka nchi moja, ukawa huku akiba ya njaa inayopandwa kwa amri, na huko ukawa anasa inayowatajirisha watu? Nadhani jibu halimo katika mmea wenyewe. Limo katika jambo ambalo watu wa Buha walilijua zamani sana, tangu siku za chumvi ya Uvinza.

Tuanze na mmea. Muhogo asili yake ni Brazili na nchi za jirani, na neno tapioka, ambalo Wazungu hulitumia kwa wanga wa muhogo, lilitoka katika lugha ya Watupi wa huko. Wareno waliuleta katika mwambao wa Kongo katika karne ya 16, nao ukapenya bara polepole, shamba kwa shamba, bila ya mfalme wala kampuni kuuongoza. Upande wa mashariki ulikuja baadaye, katika karne ya 18, kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha ukapanda bara pamoja na misafara. Katika nchi za maziwa njia hizi mbili zikakutana. Burton na Speke walipofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, walikuta soko lenye bidhaa za kila namna kutoka milimani na ziwani, na fedha yake ilikuwa shanga. Shanga za Ujiji ziliitwa sofi, vipande vidogo kama vigae vya kiko kilichovunjika, na mgeni aliyekuja na shanga za namna nyingine alilazimika kuzibadilisha kwanza kwa wavunja fedha ndipo anunue hata kuku mmoja. Nalitaja jambo hili kwa sababu litatufaa mbele: mwenye sofi ndiye aliyekuwa na soko, hata kama hakulima kitu.

Muhogo una sifa nzuri mbili na aibu moja. Huota katika ardhi iliyochoka, na hukaa ardhini mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, ukimngoja mwenyewe. Aibu yake ni kwamba ukishachimbwa huoza upesi. Siku mbili tatu tu, na mizizi imekwisha kupiga weusi ndani. Kwa hiyo muhogo mbichi hausafiri. Anayetaka kuupeleka mbali hana budi kuumenya, kuukausha na kuufanya makopa, au kuutwanga na kuuchekecha unga. Sifa hizi ziliwapendeza sana watawala. Waingereza walipoitawala Tanganyika, waliwaagiza watu kwa sheria za watawala wenyeji wapande muhogo uwe kinga ya njaa, na aliyekaidi alitozwa faini. Katika miaka ya 1930 watu wengi wa Kibondo na Kasulu walihamishwa na kukusanywa katika makazi ya pamoja kwa ajili ya ugonjwa wa malale, na katika maisha ya namna hiyo zao lisilohitaji ulinzi mwingi wala mbolea lilikuwa msaada mkubwa. Baada ya uhuru mambo hayakubadilika sana. Mwaka 1972 Operesheni Kigoma iliwahamishia watu vijijini, na katika njaa ya 1974 amri za kulima ekari kadhaa za mazao ya chakula zilitolewa nchini kote, muhogo ukiwa mmoja wao.

Hivyo muhogo ulipata katika nchi yetu sifa ya mtoto wa kambo. Mgeni wa heshima hakupewa. Mtu alisema, "Tumekula muhogo," akimaanisha kwamba mwaka ulikuwa mbaya. Serikali ilitaka upandwe, lakini haikutaka hasa uuzwe. Zao la kuuzwa lilikuwa kahawa, na zao la Buha lililopendwa kuliko yote na wakubwa wa uchumi lilikuwa watu wenyewe. Maelfu ya vijana wa Kiha walikwenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha ikawa moja ya nchi walizozitegemea. Kijana alipewa namba, akaitwa manamba, akapakiwa gari moshi. Muhogo uliobaki nyumbani kwa mama yake ndio uliomlisha aliyebaki. Na kwa kweli ndio uliomwezesha mwenye mkonge kulipa ujira mdogo, maana hakuwa na haja ya kulisha jamaa nzima. Jambo hili haliandikwi sana katika vitabu vya mkonge, nami naona ni upungufu.

Sasa tuvuke bahari. Mmea ule ule ulifika Asia kwa meli za Wahispania na za mataifa mengine, na katika nusu ya pili ya karne ya 19 Wachina waliokaa Malacca walifungua mashamba makubwa ya muhogo. Hao hawakuupanda kwa sababu ya njaa. Waliujengea vinu. Mizizi ilioshwa, ikakunwa, ikachujwa kwa maji mengi, wanga ukatuama chini ya mapipa kama uji mweupe, ukakaushwa. Na sehemu yake ilitikiswa ikiwa na unyevu mpaka ikafanya punje za mviringo, ikauzwa Ulaya kwa jina la lulu za tapioka. Waingereza walizipika kwa maziwa na sukari wakawapa watoto wao. Baadaye Java ikawa na biashara kubwa zaidi, na tangu miaka ya 1960 Thailand ikapanda muhogo kwa wingi ili kuuza Ulaya chakula cha mifugo, kisha wanga. Leo Thailand ndiyo inayouza wanga wa muhogo nje kuliko nchi zote, na hali nchi inayovuna muhogo mwingi kuliko zote ni Nijeria, ambayo karibu yote huila nyumbani. Tazama tofauti hiyo vizuri. Haikuletwa na ardhi wala mvua. Kinu kilitangulia kujengwa kando ya shamba, kabla mizizi haijapata siku ya tatu ya kuoza.

Taiwan nayo ilikuwa na chai. Mwaka 1869 mfanyabiashara wa Kiingereza, John Dodd, alipeleka New York shehena ya chai ya kisiwa hicho, na kwa miongo mingi chai ilikuwa bidhaa ya kuuzwa nje, kama ilivyo ya Kenya na kwetu Mufindi na Rungwe. Watu wenyewe waliinywa moto, kwa taratibu, wazee wakiongea. Punje za wanga zilikuwepo pia, zikiuzwa sokoni katika maji ya sukari na barafu. Chai na punje vilikaa jirani miaka mingi bila kukutana.

Waliovikutanisha wanagombana. Nyumba ya chai ya Chun Shui Tang, iliyoanzishwa na Liu Han-Chieh mjini Taichung mwaka 1983, ilianza kuuza chai baridi iliyotikiswa kwa barafu. Nayo yasema kwamba mfanyakazi wake mmoja, Lin Hsiu-hui, alimimina punje katika kikombe chake cha chai miaka michache baadaye. Nyumba ya Hanlin ya Tainan, ya Tu Tsong-he, yasema ilitangulia, mwaka 1986. Walishtakiana kwa miaka mingi, na shauri likaisha mwaka 2019 bila ya mshindi, kwa kuwa mahakama iliona kwamba kinywaji hicho si kitu cha kumilikiwa. Mtu yeyote aweza kukitengeneza.

Hukumu hiyo ndiyo mlango wa historia yetu. Kitu ambacho hakina mwenyewe hakiwezi kumtajirisha mtu kwa kukijua tu. Kila mwenye aaaa na sufuria aliweza kuuza chai ya lulu, na Taiwan ikajaa vibanda. Faida ikapungua, kama inavyopungua kwa wauza chapati watano katika kituo kimoja cha mabasi. Wajanja wakatafuta kitu kingine cha kumiliki. Wakapata viwili: jina, na bohari.

Biashara ya maduka yenye jina moja huendeshwa hivi. Kampuni haifungui maduka yote yenyewe. Humpata mtu mwenye akiba, mwalimu aliyestaafu au kijana aliyekopa kwa jamaa, ikamkodisha jina. Huyo hulipa ada ya kuingia, hupamba duka kwa rangi alizoambiwa, hununua mashine ya kufunika vikombe kwa karatasi ya plastiki, na huapa kwamba punje, majani ya chai, sukari, unga wa maziwa, vikombe na mirija atavinunua kwa kampuni, si kwa mwingine. Kodi ya nyumba ni yake. Mishahara ni yake. Siku mteja asipokuja, hasara ni yake. Kampuni imeshauza wanga.

Chatime, iliyoanza mwaka 2005, na Gong Cha, ya mwaka 2006, zilienea duniani kwa njia hiyo. Habari za Gong Cha zina kichekesho chake: wale waliokodi jina katika Korea Kusini walistawi hata mwaka 2017, kwa msaada wa wenye mitaji, wakainunua kampuni iliyowakodisha. Mpangaji akamnunua mwenye nyumba. Lakini hilo ni la nadra, na lilihitaji fedha ambazo mpangaji wa kawaida hazioni hata ndotoni. Mfano ulio wazi kuliko wote ni Mixue ya Uchina, iliyoanzia mjini Zhengzhou mwaka 1997 kwa kibanda cha barafu ya kukwangua, na ambayo huuza aiskrimu, maji ya ndimu na chai ya lulu kwa bei ya chini sana. Mwishoni mwa 2024 ilikuwa na maduka zaidi ya 46,000, na mwezi wa Machi 2025 hisa zake zikaanza kuuzwa Hong Kong. Hesabu zake, ambazo sheria ya soko la hisa iliilazimisha izitoe hadharani, zinaonyesha kwamba kiasi cha asilimia 97 ya mapato yake hakitoki kwa wanywaji hata kidogo. Hutoka kwa wenye maduka, wanaonunua kwake vifaa na bidhaa. Mtu anaweza kusema kwamba kampuni hiyo si muuza chai. Ni kinu na bohari vilivyojitafutia wanunuzi 46,000 wasioweza kununua kwingine.

Na hatari huangukia nani? Ujerumani ilionyesha. Katika mwaka 2010 na 2011 maduka ya chai ya lulu yaliota huko kama uyoga. Agosti 2012 uchunguzi wa hospitali ya chuo kikuu cha Aachen ulitangazwa magazetini, kwamba katika punje zilizochunguzwa zilionekana chembechembe za vitu vibaya. Baadaye taasisi ya serikali haikuona sababu ya kuhofia, lakini wazazi walikuwa wamekwisha kuogopa, na maduka yakafungwa moja baada ya jingine. Waliofunga ni wale waliokodi nyumba. Mwezi wa Aprili 2021 ikawa kinyume chake: Marekani wanywaji walikuwa tele, lakini meli zilisongamana bandarini na punje hazikufika, na wenye maduka wakabandika vikaratasi kuwaomba wateja radhi. Duka likiwa zuri namna gani, bila ya wanga ni chumba chenye taa tu.

Hapa ndipo ninapoikumbuka Uvinza. Kusini ya Buha, Ruchugi unapokutana na Malagarasi, ziko chemchemi za maji ya chumvi, na wachimbaji wa mambo ya kale wamepata ushahidi kwamba watu walichemsha chumvi hapo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika karne ya 19, kila kiangazi, Waha, Wavinza, Wanyamwezi, Warundi na wengineo walifika kwa wingi, wakajenga vibanda vya majani, wakakata kuni, wakachemsha maji vyunguni usiku na mchana. Chumvi ikachukuliwa mabegani hadi nchi za mbali. Kazi ilikuwa ya mchemshaji. Kuni zake, chungu chake, macho yake yaliyowaka moshi. Walakini kila mmoja alitoa sehemu ya chumvi yake kwa watawala wa Uvinza, ambao hawakuchochea moto. Wao walikuwa na chemchemi. Yeyote alikuwa huru kuchemsha, mradi achote kwao.

Sidhani kwamba nanyoosha mfano kupita kiasi nikisema kwamba maduka 46,000 ni vibanda vya kiangazi cha Uvinza. Tofauti iko moja, nayo haipendezi. Mtawala wa Uvinza alichukua sehemu ya chumvi iliyopatikana; mvua zikiwahi na uchemshaji ukikatika, naye alipata kidogo. Bohari hupata chake mapema, duka lifaulu lisifaulu. Na Wajerumani walipotawala, mwanzoni mwa karne ya 20 chemchemi zikatiwa mikononi mwa kampuni, na yule aliyekuwa mchemshaji huru akaweza kurudi pale akiwa kibarua. Wazee wa Buha wangeielewa hesabu ya Zhengzhou bila ya kufundishwa.

Muyama yenyewe inasimama wapi katika habari hii? Haisimami penye duka wala penye bohari. Makopa yake yamekuwa yakinunuliwa na wachuuzi, yakaenda masoko ya Kasulu na Kigoma, na kuvuka kwenda Burundi, hasa katika masoko ya mpakani yaliyoitwa ya ujirani mwema. Kisha Nyarugusu na kambi nyingine za wakimbizi katika Kasulu na Kibondo zikaleta walaji maelfu. Hiyo ni biashara ya kweli, ingawa haina jina ukutani. Mwaka 2017 Tanzania na Uchina zilikubaliana juu ya masharti ya kuingiza muhogo mkavu wa Tanzania katika nchi hiyo, na mazungumzo mengi ya soko jipya yakafuata. Lakini makopa ni makopa. Anayeyauza anauza kilo ya kitu ambacho mwingine atakitoa wanga, na wanga huo atautoa punje, na punje hizo ataziuza kwa mwenye duka asiye na hiari. Wakati huo huo viwanda vyetu vya nguo vimekuwa vikiagiza wanga kutoka ng'ambo.

Iko sehemu moja ya habari hii ambayo nchi yetu ilikuwa chemchemi yenyewe, nayo haijulikani inavyostahili. Mwaka 1936 huko Amani, katika milima ya Usambara, H. H. Storey alieleza kwa mara ya kwanza ugonjwa wa michirizi ya kahawia wa muhogo. Wataalamu wa kituo hicho waliuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mmea wa mpira wa Ceará, wakapata mbegu zenye kustahimili batobato. Mbegu za kizazi hicho zilipelekwa Nijeria, na mmoja wa miche yake, uliojulikana kwa namba 58308, ukawa mama wa aina nyingi zilizotolewa na taasisi ya Ibadan tangu miaka ya 1970 na kupandwa katika Afrika nzima. Batobato kali ilipoingia Kagera na Kigoma mwanzoni mwa karne hii, miche iliyoletwa kuwaokoa wakulima ilikuwa na damu ya Amani ndani yake. Naye alipewa namba, kama manamba, akasafiri mbali, akarudi. Mkulima alikata vijiti, akampa jirani, na jirani akampa shemeji yake wa kijiji cha pili. Hakuna aliyetozwa ada ya jina.

Kuna kijambo kingine ninachopenda kukitaja, ingawa hakina uzito. Watu wa mijini hustaajabia mrija mnene wa chai ya lulu, kana kwamba ni uvumbuzi wa jana. Katika nchi za Buha na Burundi pombe imenywewa kwa mirija tangu zamani, chungu kimoja, watu wengi wakiwa wamekizunguka, na mirija ile haikuuzwa na mtu.

Turudi kwenye kinu. Ili kupata kilo moja ya wanga yatakiwa kilo nne hivi za mizizi mibichi, pamoja na maji safi mengi. Na mizizi yenyewe haingoji. Kwa hiyo yeyote atakayejenga kinu cha wanga katika Buha, awe serikali, ushirika au tajiri, atalazimika kukijenga karibu na mashamba, na wakulima wa eneo hilo watalazimika kumuuzia yeye, kwa kuwa hakuna kinu cha pili ambacho mizizi yao itakifikia kabla ya kuoza. Atakuwa na chemchemi ya namna mpya. Bei ya mizizi, muda wa kungoja kwenye foleni, na uzito wa mizani vitakuwa mkononi mwake, kama vile bei ya punje ilivyo mkononi mwa bohari la Zhengzhou. Wakulima wa kahawa wa Manyovu, jirani na Muyama, walikwisha kuligusa swali hili walipoanzisha chama chao cha ushirika, na kahawa hungoja miezi ghalani bila ya kuharibika. Muhogo hungoja siku mbili. Hati ya umiliki wa kinu hicho, na majina yatakayoandikwa juu yake, ndiyo karatasi ambayo ningependa kuisoma kwanza, kabla ya tangazo lolote la soko jipya.